Kiboko Awe Mwenyeji wa Rusizi

Kumchagua mnyama awe mwenyeji wa watoto katika hifadhi ni kazi inayodharauliwa. Wengi huiona ni ya mchoraji wa vikatuni: mpe macho makubwa, mvike kofia, basi. Mimi naiheshimu kama ufundi kamili, wa ukoo mmoja na ule wa watambaji waliompa Sungura ujanja na Fisi ulafi. Mtambaji hakubahatisha, fisi kweli hutafuna mpaka mifupa. Mnyama wa hifadhi naye apimwe hivyo hivyo: mtoto akimfuata kwa mawazo, je, atapajua mahali, au atamjua mnyama tu?

Bujumbura ina pa kujaribia kipimo hicho. Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu, huingia Tanganyika ubavuni mwa mji, na delta yake imehifadhiwa tangu 1980. Mwaka 2002 ikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani. Lakini mnyama aliyeitangaza nje ni Gustave, yule mamba mla watu aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye. Alikadiriwa kupita mita sita, ingawa hakuna aliyewahi kumpima, na mwaka 2007 Marekani ikamtolea filamu ya kutisha. Kama hadithi, amefaulu sana. Kama mwenyeji, hapana: hafikishi mtu popote ila kwenye meno yake, na palipobaki pote pamekuwa pazia la nyuma.

Kiboko ni habari nyingine. Mchana yumo majini. Giza likiingia hupanda ukingo, akapita kwenye matete na kula nyasi zinazoweza kufika kilo 40, kisha hurudi kabla jua halijawaka. Mavi yake hushusha majini rutuba ya nchi kavu, nayo huwalisha vijidudu na samaki. Safari yake ya usiku mmoja ni somo zima la eneo oevu: maji, ukingo, malisho, tena maji. Zaidi ya hayo, watoto wa mitaa ya karibu na ziwa hawahitaji kuambiwa yupo, maana huja mwenyewe barabarani.

Hapo ndipo pingamizi zito linapozuka. Kiboko huua. Ukimpa sauti na tabasamu, humwaliki mtoto kumkaribia? Hofu hiyo ina msingi. Marekani walimbuni dubu Smokey mwaka 1944 afundishe watu kuzuia moto msituni. Alipendwa mno, na ujumbe wake ukawa mwepesi kiasi cha kusahaulisha kwamba misitu mingine huhitaji moto mdogo. Kauli mbiu yake ilirekebishwa 2001 tu. Lakini kosa hilo ni la kumrahisisha mnyama, wala si la kumtumia. Kiboko anapoachama, wengi hudhani anapiga miayo, kumbe mara nyingi anatishia. Fundi mzuri ataanzia hapo hapo.

Wengine watasema hifadhi inahitaji askari na fedha kabla ya picha. Sawa, ila kimoja hakikifukuzi kingine. Haller Park ya Mombasa, iliyootesha msitu juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, ilijulikana kwa watoto wa mbali kupitia Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa Desemba 2004, na Mzee, kobe ambaye Owen alimganda. Kitabu chao cha 2006 kiliwaingiza wasomaji katika eneo ambalo wasingeliwaza kamwe. (Urafiki ule, nakiri, ulikuwa mtamu kupita kiasi, na viboko wengi si Owen.)

Basi wachoraji na walimu wa Bujumbura, mchukueni kiboko. Mchoreni kinywa wazi, meno yote yaonekane, na njia yake ya usiku nyuma yake. Kisha mwandikieni, kwa Kirundi na kwa Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi, neno lake la kwanza kwa mtoto: karibu, lakini nitazame ukiwa mbali.