Dibaji za Marafiki

Msomaji wa diwani za Kiswahili hana budi kuwa amekwisha kuliona jambo hili: kabla hajaufikia ubeti wa kwanza, hupitishwa katika mlango uliojengwa na rafiki wa mtungaji. Mlango huo huitwa dibaji, au utangulizi, na aghalabu maneno yake ni yale yale. Mtungaji ni bingwa. Lugha yake ni tamu. Kitabu kilikuwa kikingojewa kwa hamu. Kila mpenda Kiswahili na ajipatie nakala. Siku hizi mlango umehama. Watu wengi hawapati kukiona kitabu chenyewe, ila hupelekewa shairi moja katika simu, na juu yake sahibu aliyelipeleka ameandika neno lake la sifa. Nalo huenda mkono kwa mkono kutoka Bagamoyo hata Muscat kabla ya adhuhuri. Kwamba watu wapenda kuzitangaza kazi za rafiki zao si ajabu, wala sioni kuwa ni aibu. Nitakalo kuuliza hapa ni kwamba sifa hizo zaifaa nini kazi yenyewe, na yafaa nianze na kosa langu mwenyewe.

Ninaye rafiki, mwalimu mstaafu, akaaye Vigwaza. Kwa wasafiri wa barabara ya Morogoro jina la Vigwaza ni jina la mizani: hapo ndipo malori yapimwapo uzito, na dereva aliyepakia kupita kiasi hana pa kujificha. Rafiki yangu hupenda kufanya mzaha kwamba yeye ni mtu wa pekee mahali hapo apimaye mizani pasipo kumtoza mtu faini. Miaka michache iliyopita aliyakusanya mashairi yake, akayapigisha chapa kwa fedha zake, akaniomba dibaji. Nikamwandikia kurasa tatu. Nimezisoma tena mwezi huu. Neno lulu limo mara nne, neno bingwa mara tano, na hapana hata mahali pamoja nilipomwambia msomaji jambo ambalo asingaliweza kulibuni mwenyewe bila ya kukifungua kitabu.

Kosa hilo nilikuja kuonyeshwa barazani kwake. Jirani yake mmoja, mzee wa Kikwere, msomaji hodari wa magazeti tangu ujana wake, alikuja kutuamkia, nasi tukampa shikamoo yake. Alipotajiwa jina langu alifurahi sana, akamwita mjukuu wake alete simu. "Mwalimu," akaniambia, "shairi lako hili nimelipenda. Nimesomewa mara tatu." Nikatazama. Lilikuwa shairi la rafiki yangu, aliyekuwa amekaa hapo hapo mkekani akimenya muhogo. Juu yake palikuwa na sentensi moja iliyotolewa katika dibaji yangu, yenye lulu ndani yake, na jina langu chini ya sentensi. Ubeti wa mwisho haukuwamo. Ubeti huo ndimo mtungaji, kwa desturi ya kale ya washairi wetu, alimokuwa ametia jina lake na la mahali akaapo. Kwa hiyo shairi lilikuwa limetoka Vigwaza, likaenda Dar es Salaam, likarudi Vigwaza kwa jirani wa mtungaji, nalo limempoteza mwenyewe njiani. Sifa ilifika salama, aliyesifiwa hakufika.

Mzee alipokwisha kuelezwa alicheka, kisha akauliza swali lililonitia haya zaidi. "Basi huyu aambiwaye humu, ni nani? Amekosa nini?" Shairi lile ni jibu. Mtungaji mmoja wa Mlandizi alikuwa ametangulia kuwacheka walimao bonde la Ruvu, kwamba maji huyachukua mashamba yao nao hurudi kupanda pale pale kana kwamba mto umewaomba radhi. Rafiki yangu akamjibu kwa vina vile vile, akilichukua kila tusi na kuligeuza. Asiyelijua shairi la kwanza husikia mtu akigombana na hewa. Mimi nililijua, nililisikia likisomwa harusini, nikaacha kulitaja kwa kuwa nilikuwa katika shughuli ya kusifu.

Pwani hiyo ya Bagamoyo yanayo makumbusho machungu ya jina kupotea, nayo yamo katika kitabu ambacho kila mtafiti wa Kiswahili amekwisha kukishika. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, Bagamoyo, yapata mwaka 1869. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, na mwaka 1903 ikatoka huko Ujerumani Desturi za Wasuaheli, ambayo sehemu yake iliyo kubwa ni kazi ya mkono wake: habari za uzazi na jando, ndoa, ngoma, maradhi, utumwa, safari za bara. Jina lililowekwa mbele ya kitabu ni la Carl Velten, aliyekusanya na kuhariri. Sisemi kuwa Velten aliiba. Mkusanyaji naye ana kazi yake, na pasipo yeye huenda tusingalikuwa na kitabu. Lakini tazama matokeo. Kwa miaka mingi wanazuoni walikuwa wakisema "asema Velten" walipokuwa wakinukuu maneno ya mtu wa Dunda. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Mwaka 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka na jina la Mtoro katika anwani, yaani baada ya miaka 78. Na maisha yake yakapata kitabu chao wenyewe mwaka 2009, kilichoandikwa na Ludger Wimmelbücker na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota.

Mtu aweza kusema kuwa hiyo ilikuwa dhuluma ya ukoloni, na hapana shaka ndivyo. Lakini kuna upande wa pili usiotajwa sana. Mtoro alikuwa mbali na watu wake, na kitabu chake hakikuwa na rafiki pwani wa kukipokea, kukisoma barazani na kusema: huyu ni fulani wa Dunda, ngoma hii aisemayo huchezwa wapi, na hapa amekosea. Hayo rafiki ayajua, na mgeni, hata awe na elimu gani, hayajui mpaka aulize. Hata leo nimekutana na vijana wa Chalinze na Bagamoyo wenye shahada za Kiswahili ambao wamelisikia jina la Velten na hawajalisikia la Mtoro.

Mombasa ilikuwa na bahati njema zaidi. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki katika vinywa vya watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyejishughulisha kuyatafuta na kuyaandika pamoja na mmisionari W. E. Taylor, karatasi zikafika London, William Hichens akachapisha diwani mwaka 1940 kwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Sikujua hakuwa sahibu wa Muyaka kwa umri. Alikuwa rafiki wa mashairi, na nathubutu kusema kuwa urafiki huo una faida zaidi kuliko ule wa kula pamoja. Sehemu kubwa ya tungo za Muyaka ni maneno ya kutupiana: Mombasa ya Mazrui na Lamu, Mombasa na Seyyid Said wa Unguja. Ukiyaondoa magomvi hayo wabakiwa na mafumbo mazuri yasiyojua yamfumbie nani. Ndiyo maana kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979, kilichoyarudisha mashairi katika habari za zama zake, chafaa kusomwa mbele ya sifa zote ambazo Muyaka amepewa na sisi tuliokuja nyuma.

Katika watu wa karibu zaidi na zama zetu sijaona aliyeielewa kazi hii kama Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka arubaini na miwili tu. Yeye ndiye aliyeihariri Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyotoka mwaka 1971. Alikuwa mtu wa mji mmoja na mtungaji, na lugha yao moja. Mtu angalitazamia sifa tupu. Sifa zimo, naam, lakini uzuri wa mhariri huyu ni pale afasiripo, kwa kuwa Kimvita cha Ustadh Bhalo hakikuwa Kiswahili cha shuleni, na msomaji wa Dodoma au Bukoba angalikiweka kitabu chini kabla ya ukurasa wa kumi. Chiraghdin alijua ni wapi mgeni atakapojikwaa, maana alikuwa mwenyeji.

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyofuata mwaka 1973, yaonyesha jambo hilo hilo kwa uchungu mwingine. Mashairi yake yalitungwa gerezani, baina ya mwaka 1969 na 1972, mtungaji akiwa amefungwa kwa ajili ya karatasi yake ya siasa, Kenya: Twendapi? Shairi la "Mamba" likisomwa na asiyejua habari hiyo laweza kuonekana kama hadithi ya mnyama na maji. Likisomwa na ajuaye, halina tena haja ya kusifiwa. (Mwaka 1974 kitabu hicho kilipata tuzo iliyoitwa kwa jina la rais ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtungaji, nalo ni shairi kwa namna yake.)

Yuko atakayenipinga kwamba rafiki hawezi kuwa mhakiki, kwa kuwa jicho la mapenzi halioni chongo. Nakubali nusu yake. Mabishano ya miaka ya 1970 juu ya vina na mizani yatosha kuwa ushahidi: waliotunga mashairi huru wakasifiana, walioshika kanuni wakasifiana, na katika magazeti na mikutano mtu aliweza kujua hukumu itakavyokuwa kwa kutazama jina la mtoa hukumu. Nyingi za sifa hizo zimekufa. Lakini Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi, ya mwaka 1979, haijafa. Hao ni marafiki wawili waliokwisha kutoa diwani pamoja, nao hawakuficha kuwa wanaitetea njia yao. Ila walichukua taabu ya kueleza jinsi shairi linavyofanya kazi, na hata asiyekubaliana nao hupata kitu cha kupingana nacho. Vivyo hivyo Mayoka alipoandika Mgogoro wa Ushairi mwaka 1984 kutoka upande mwingine. Sikubaliani naye katika mengi, lakini najua kwa nini, na hilo ni deni langu kwake.

Kwa hiyo nusu nisiyoikubali ni hii: kwamba kwa kuwa rafiki hafai kuwa kadhi, basi hafai neno. Barazani kwa kadhi kuna na shahidi. Rafiki alikuwapo shairi lilipozaliwa; ajua lilimjibu nani, neno lile la ajabu lilitoka katika lugha gani ya nyumbani, ubeti upi ulifutwa na kwa nini, na nakala ipi ndiyo ya mtungaji. Ushahidi huo ukipotea haurudi, maana watu hufa. Hukumu yaweza kungoja. Watakuja wageni wasio na urafiki na mtu, nao watahukumu. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka mwaka 1958 katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, alimsifu mwimbaji yule sana, pengine kuliko nipendavyo mimi. Lakini alikuwa amekwenda kumwona na kumsikiliza kabla hajafa mwaka 1950, na hilo ndilo tunaloliendea kitabuni leo. Laiti kila malenga wa taarabu angalipata mtu mmoja wa kumwuliza hivyo.

Natambua kuwa shahidi naye aweza kuzidisha. Nimepata kusoma diwani moja ambayo rafiki wa mtungaji alikuwa ameeleza kila fumbo mpaka msomaji akabakiwa na kazi ya kufunua kurasa tu. Ashibishwaye kabla ya kukaa jamvini hali. Kiasi chake ni vigumu kukiweka kuwa kanuni, ila naona kuwa jina, sababu na maneno magumu havidhuru shairi lo lote, na maana ya ndani yafaa iachwe.

Rafiki yangu wa Vigwaza anapiga chapa mara ya pili. Nimeziondoa zile kurasa tatu, nimeandika moja na nusu. Humo nimesema jibu lilimjibu nani, na mafuriko yapi ya Ruvu yalilileta. Nimefasiri maneno sita ya Kikwere baada ya kumwuliza yule mzee, ambaye mawili kati yake alinisahihisha. Nimesema pia kuwa mashairi mawili ya mwisho yana mizani iliyopungua, na mtungaji amekubali sentensi hiyo ibaki baada ya siku tatu za kununa. Jina lake limehamishwa kutoka ubeti wa mwisho peke yake na kuwekwa tena chini ya kila anwani. Imebaki ruhusa ya yule mtungaji wa Mlandizi, ambaye shairi lake halijapata kuchapwa. Ametuma neno kwamba yu radhi liingie, kwa sharti moja: liwekwe mbele ya jibu, si nyuma.