Ufundi wa Kupanga Safari ya Maji

Mtu wa Mbeya au Iringa akisema anataka likizo ya majini, macho huelekea Unguja, Mafia, au mbali zaidi Shelisheli, ambako mashua za tanga hukodishwa pamoja na nahodha wake na kuzunguka visiwani kwa wiki nzima. Ni safari nzuri, sina neno nayo. Ila maji yenye ufuko wa mchanga na vijiji visivyozoea gari tunayo chini yetu hapa, na ufundi wa kuipanga safari ya namna hiyo ninauheshimu kuliko safari yenyewe. Ufundi huo unaishi Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mikononi mwa wenye mitumbwi na boti.

Njia ya kwenda huko ni mteremko. Kutoka Uyole gari hupanda hadi Isongole, chini ya Mlima Rungwe, halafu hushuka Tukuyu penye chai na migomba, kisha Kyela penye mpunga na kakao, ndipo ifike Ipinda na Matema. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini ya mita 500. Sweta la asubuhi huwa limeshaingia begini kabla ya Ipinda.

Ukitaka kwenda kijiji cha Ikombe kwa Wakisi wafinyanzi, unakodi chombo. Hapo ndipo unapokutana na mafundi ninaowasema. Mzee mmoja niliyemwendea hakutaja bei kwanza. Aliniuliza tuko wangapi, nani anajua kuogelea, kuna watoto, mizigo ni ya namna gani. Kisha akauliza, "Mwanangu, lazima urudi lini?"

Nikamjibu kwamba tuna nafasi hadi kesho yake. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, na hapo tu ndipo tukaanza kuzungumza bei: mafuta mbali, saa za kusubiri mbali, chakula cha mchana cha yeye na kijana wake juu yetu. Swali lile la mwisho ndilo lililobeba mpango mzima. Abiria mwenye saa isiyosogezwa ni mzigo mzito kuliko gunia la mchele, kwa sababu atamsukuma mwenye chombo atoke wakati maji yamekataa.

Ziwa hili lina kumbukumbu chungu ya jambo hilo. Mwaka 1895 Chauncy Maples, mmisionari wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliyewahi kufanya kazi Masasi, aliwekwa wakfu London kuwa askofu wa Likoma, kisiwa cha ziwa hili. Alikuwa akirudi kwa hamu kubwa ya kukifikia kisiwa chake. Mwezi Septemba dhoruba ikaipindua mashua yake usiku, akazama. Meli iliyopewa jina lake, iliyoletwa vipande vipande kutoka Glasgow, ilishushwa majini mwaka 1901.

Wanaokaa kando ya ziwa hili hupanga kwa kufuata upepo. Ziwa ni jembamba na limelala kaskazini kwa kusini, urefu wake zaidi ya kilomita 550. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi, ambao ndugu zetu wa Malawi wanauita mwera, hupata uwanja mrefu wa kuyasukuma mawimbi, na mwisho wa uwanja huo ni Matema. Wimbi lililoanza kuinuka mbali sana linakuja kupasukia pale mbele ya nyumba za watu. Ni kusi ileile inayowatia adabu wenye mashua Kilwa na Mafia. Ukirudi nyuma kidogo, Machi hadi Mei, Kyela hunyeshewa kwelikweli. Kwa hiyo anayepanga vizuri huangalia Septemba hadi Novemba, na hata miezi hiyo hutoka alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamka.

Asubuhi yetu mzee alifika kabla ya jua. Alisimama maji yakimfika magotini, akatazama kusini muda mrefu, wala hakuna aliyemsemesha. Kisha akaingia botini na kata, akakumba maji yaliyojikusanya chini, akapapasa maungio ya mbao kwa kidole gumba, polepole, kutoka mbele hadi nyuma. Pale kidole kilipotoka na unyevu alirudia mara ya pili. Makasia mawili aliyalaza kando ya injini, nilipoyatazama akasema, "Injini ni ya kwendea. Haya ni ya kurudia." Alituketisha yeye mwenyewe, wazito katikati, mtoto karibu yake, kila mmoja na jaketi lake la kuokolea limefungwa hadi juu.

Wanaotaka safari ndefu zaidi huipanga kutoka Kyela, kwa meli ya MV Mbeya II inayoshuka hadi Mbamba Bay. Wasomaji wa Iringa wasijione wageni huko: Ludewa na mwambao wake, pamoja na Lupingu na Manda, vilikuwa ndani ya mkoa wao hadi Njombe ilipotengwa mwaka 2012, na meli moja ya zamani ya ziwa hili iliitwa MV Iringa.

Kwa safari ya Ikombe, ushauri wangu ni kuweka siku moja ya akiba, na bora iwe Jumamosi. Ziwa likikataa, tembea kwa miguu hadi Lyulilo, jirani na Matema, siku ya soko la vyungu. Chagua chungu kwa kukigonga na kukisikiliza, mwombe mama anayekuuzia akufungie kwa majani makavu ya mgomba, na ulizia bei ya kiti cha pili kwenye gari la kurudi Mbeya, maana chungu hakipandi kwenye keria.