Baruti ya Ziada: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Hivi karibuni niliombwa kuipitia rasimu ya tafsiri ya makala ya Kimarekani inayolinganisha bei na utendaji wa baruti za ziada za jeshi, ambazo raia wa huko hununua ili kujazia upya maganda ya risasi za bastola. Rasimu hiyo ilikusudiwa kuwafaa maofisa wanaokagua mizigo na makarani wa mahakama. Nia ni njema, na Kiswahili chake ni chepesi. Hata hivyo, wepesi huo umepatikana kwa kuyafuta yale ambayo mwandishi wa awali aliyapima kwa makini. Ni wajibu wetu kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotokea, kwani makosa ya namna hii hayakomei katika rasimu hii.

Tuanze na neno lenyewe, baruti. Rasimu inalitumia kwa vitu vitatu. Kwanza ni baruti nyeusi ya zamani, mchanganyiko wa shura, mkaa na salfa, iliyoshindiliwa kwa mdeki katika gumegume na magobori ya babu zetu. Pili ni baruti ya kupasulia miamba. Tatu ni baruti isiyotoa moshi, ambayo Paul Vieille aliivumbua Ufaransa mwaka 1884, na ambayo msingi wake ni nitroselulosi. Makala ya awali inahusu hii ya tatu tu. Mfasiri anapoandika kwamba hiyo nayo “hulipuka kwa kasi”, amekwisha kuichanganya na ile ya machimboni. Baruti ya machimboni hulipuka. Baruti ya risasi huungua, na gesi yake ndiyo inayokisukuma kichwa cha risasi. Kwa hiyo istilahi inayofaa ni “kasi ya mwako”, wala si “kasi ya mlipuko”.

Tofauti hii si ubishi wa maneno. Mtutu wa bastola ni mfupi, kwa hiyo baruti yake sharti iungue upesi. Baruti ya bunduki ndefu huungua polepole zaidi. Ikitiwa katika bastola, sehemu yake hutoka mdomoni ikiwa bado inawaka. Baruti inayoungua upesi, ikizidishwa kipimo, huweza kuipasua silaha mkononi mwa mwenyewe. Msomaji asiyepewa istilahi ya mwako hawezi kuelewa kwa nini baruti rahisi ya mzinga haiwi baruti rahisi ya bastola.

Kosa zito kuliko yote limo katika vipimo. Wajazaji wa risasi hupima baruti kwa kizio kiitwacho grein, na grein 7,000 hufanya ratili moja, yaani gramu 453.6 hivi. (Nimechagua ratili kwa sababu paundi ni fedha pia.) Katika ukurasa mmoja mfasiri ameandika “punje 5”, kana kwamba mjazaji huketi akihesabu chembe moja moja. Ukurasa wa pili ameandika “gramu 5”. Tufanye hesabu. Ratili moja ikigawanywa kwa grein 5 hutoa risasi 1,400. Ikigawanywa kwa gramu 5 hutoa risasi 90 tu. Basi ofisa aliyekamata ratili moja ya baruti, akiisoma rasimu hii, ataiambia mahakama kwamba mtuhumiwa angeweza kujaza risasi 90, ilhali kwa kipimo hicho angejaza 1,400. Haki ya mtu, au usalama wa raia, imening’inia kwenye herufi chache. Napendekeza tuandike “grein”, na mara ya kwanza tueleze kwamba ni sawa na gramu 0.065 hivi.

Neno “ziada” nalo limeonewa. Mfasiri amelibadilisha mara kwa mara kuwa “masalia” na hata “makombo”, maneno yanayomfanya msomaji afikirie uchafu. Ziada ya jeshi ni mali nzima iliyozidi mahitaji. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Bruce Hodgdon wa jimbo la Kansas alianza kuuza baruti ya ziada ya serikali. Mojawapo, iliyojulikana kwa namba 4831, ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mizinga ya milimita 20. Watu hawakununua makombo. Ila ziada yaweza kuharibika kama haikutunzwa: hutoa harufu kali ya asidi na moshi mwekundu. Kwa hali hiyo tunalo neno zuri la jikoni, “kuchacha”. Baruti iliyochacha haifai kwa bei yoyote.

Jambo jingine ambalo rasimu imeliruka kabisa ni fungu. Baruti inayouzwa madukani katika makopo huchanganywa kiwandani hadi kila fungu lifanane na lililotangulia, ili vipimo vilivyochapishwa vitabuni viaminike. Ya ziada haina dhamana hiyo. Mafungu mawili yenye jina moja yaweza kutofautiana kasi ya mwako, na mjazaji hulazimika kuanza upya kwa kipimo cha chini kila anapofungua pipa jipya. Mfasiri aliyeandika “aina” mahali pa “fungu” ameifuta hatari yote hiyo.

Sasa tuingie katika bei, kiini cha makala. Rasimu inasema kwa ufupi kuwa ya ziada “ni nafuu”. Mwandishi hakusema hivyo; alisema bei ipimwe kwa risasi, si kwa ratili. Tuseme, kwa mfano tu, ratili ya ziada ni dola 15 na ya dukani dola 30. Kama ya ziada huhitaji grein 10 kwa kila risasi, ratili hutoa risasi 700; kama ya dukani huhitaji grein 5, hutoa 1,400. Gharama ya kila risasi ni ile ile, senti 2 na kidogo. Ukiongeza ada ya kusafirisha mizigo ya hatari, unafuu umekwisha kuyeyuka.

Mwisho ni “nguvu”, neno ambalo rasimu imelibebesha kila kitu. Utendaji wa baruti ni mwendokasi wa kichwa cha risasi, ulinganifu wake kati ya risasi na risasi, na kanieneo ndani ya ganda. Shule zetu zimekwisha kuzifundisha kani, kanieneo na nishati. Hakuna sababu ya mfasiri kurudi nyuma.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wageni, hayatuhusu. Lakini wazee wetu wa pwani hawakushindwa kuyataja ya silaha za zama zao: mdeki, marisau, kasiba, fataki. Kila kitu kilikuwa na jina lake, kwa sababu aliyekosea jina aliweza kukosea na kipimo. Rasimu hii irudishwe kwa mfasiri. Na kabla hajaigusa kalamu, aiguse mizani.