Dole gumba la Mwenda: namna "Masanga" unavyopigwa

Mwekee wimbo wa "Masanga" mtu ambaye hajawahi kuusikia, kisha mwulize: magitaa mangapi hayo? Nimewauliza marafiki, ndugu, hata wapigaji wa bendi, na jibu ninalopewa mara nyingi ni mawili. Mmoja aliniapia kabisa kwamba anasikia besi, rithimu na solo, kila kimoja na mwenyewe. Kumbe ni gitaa moja kavu, mtu mmoja, na katika mkono wake wa kulia ni vidole viwili tu vinavyofanya kazi.

Mtu huyo ni Jean Bosco Mwenda, au Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga. Hao Bayeke si wageni kwa msomaji wa Tanzania: dola yao ilianzishwa katika karne ya 19 na Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi, akaweka makao yake papo hapo Bunkeya. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Mwenda katika mji wa migodi wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Kijana alikuwa na miaka 22 hivi. "Masanga" na "Bombalaka" ni matunda ya mwaka huo. Santuri zake zilisambaa hadi Afrika Mashariki, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mwenyewe akafika Nairobi, akawa anapiga redioni katika kipindi kilichodhaminiwa na Aspro, vidonge vya maumivu ya kichwa. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Hayo ni ya historia. Safu hii ina swali la fundi: alifanyaje? Na wewe mwenye gitaa lako kavu pale ukutani, utaanzia wapi?

Kosa nililoanza nalo

Nilipoanza kujifunza "Masanga" nilifanya walifanyalo wengi: nilitafuta kodi. Jioni moja ilinitosha. Ni tatu tu, na katika umbo la C ni C, F na G, zile zile anazofundishwa mtoto wa kwaya wiki ya kwanza. Nikafurahi. Nikazikung'uta kwa zamu huku nikiimba, nikajiona nimemaliza kazi. Jirani yangu, mzee aliyekuwa na santuri enzi za ujana wake, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapo umeimba wimbo wa Mwenda. Gitaa la Mwenda bado hujalipiga."

Alikuwa sahihi. Mkono wa kushoto katika nyimbo hizi hauna siri kubwa, kwa sababu siri yote imelala mkono wa kulia. Wapigaji wa Katanga wa kizazi cha Mwenda walitumia dole gumba na kidole cha shahada. Dole gumba hushuka kwenye nyuzi nene, yaani ya sita, ya tano na ya nne. Shahada hupanda kwenye nyuzi nyembamba, ya tatu, ya pili na ya kwanza. Hapana kipande cha plastiki, hapana kidole cha kati wala cha pete. Ukishazoea vidole vitatu au vinne kama wapigaji wa klasiki, utapata taabu hapa, maana vile vidole vya ziada huleta ulaini ambao muziki huu hauutaki. Shahada pekee, kinapolazimika kuruka kutoka uzi mmoja hadi mwingine, hudonoa. Ule mdonoo ndio sauti yenyewe.

Msomaji aliyewahi kumtazama Mgogo akipiga ilimba, au Mkongo akipiga likembe, ataitambua akili ya kazi hii. Pale vidole vya upande huu vina hesabu yao na vya upande ule vina yao, na wimbo huzaliwa katikati, mahali hesabu mbili zinapopishana. Mwenda amefanya hivyo hivyo kwa mkono mmoja.

Dole gumba liwe mtu mwingine

Shika C ya kawaida: uzi wa tano freti ya tatu, wa nne freti ya pili, wa pili freti ya kwanza, mingine ibaki wazi. Sasa sahau nyuzi nyembamba. Kwa dole gumba piga uzi wa tano, kisha wa nne, kisha wa tano, kisha wa nne. Hesabu moja, mbili, tatu, nne, sawasawa kama mtu anayetwanga. Fanya hivyo ukiwa unazungumza na mtu. Si utani: mwombe mwenzako akuulize habari za kazi, za nyumbani, bei ya sukari, nawe umjibu. Dole likisita kila unapofikiri jibu, bado halijawa mtu mwingine. Likiendelea bila kukusubiri, umevuka mlango wa kwanza.

Sasa ita shahada. Tuseme dole gumba ni "dum" na shahada ni "ti". Hesabu "moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na". "Dum" iko kwenye namba, "ti" iko kwenye "na". Kwanza jaza zote: dum-ti, dum-ti, dum-ti, dum-ti. Hiyo ni rahisi na haina ladha, inasikika kama cherehani. Ladha inaanza unapoondoa baadhi ya "ti" na nyingine kuzigonganisha na "dum".

Jaribu hivi. Kwenye moja, bana nyuzi mbili kwa pamoja: dole kwenye wa tano, shahada kwenye wa kwanza. Kisha "na" ya pili, shahada peke yake kwenye wa pili. Kisha "nne", bana tena: dole kwenye wa nne, shahada kwenye wa tatu. Ukizihesabu nafasi nane za mzunguko, shahada kimeangukia ya kwanza, ya nne na ya saba. Yaani tatu, tatu, kisha mbili. Dole gumba linahesabu mbilimbili bila kujali, shahada kinahesabu tatutatu mpaka nafasi zinakwisha, kisha vinakutana tena kwenye moja. Mgawanyo huo umejaa katika ngoma zetu, kwa hiyo sikio lako tayari linaujua. Kidole ndicho bado.

Hapo ndipo wale marafiki wanaposikia magitaa mawili. Sikio letu hupanga sauti kwa unene na kwa hesabu. Sauti nene zinazotembea kwa hatua sawa tunaziweka fungu moja, sauti nyembamba zenye mwendo wa kuruka tunaziweka fungu lingine, na kila fungu tunalipa mpigaji wake. Mwenda anayaacha mafungu haya mawili yawe mbalimbali: dole haliigi shahada, shahada hakilifuati dole. Ukiona gitaa lako linasikika kama moja, mara nyingi sababu ni hiyo, kimoja kimeanza kumfuata mwenzake.

Mkono wa kushoto, kwa ufupi

F ndiyo inayosumbua wanaoanza, hasa ile ya kulaza kidole kizima. Wengi wa wapigaji wa mtindo huu hawakuhangaika nayo. Bana nyuzi nyembamba kwa vidole vya kawaida, kisha zungusha dole gumba la kushoto juu ya shingo ya gitaa likabane uzi wa sita kwenye freti ya kwanza. Mwalimu wa darasani anaweza kukukemea. Usijali, kwa kuwa hivyo vidole vingine vinabaki huru, na unahitaji uhuru huo: katikati ya kodi kidole kimoja kinainuka, kinaacha uzi wazi ulie, kisha kinarudi. Melodia haipigwi mbali na kodi, inachomolewa ndani yake.

Kuhusu kutyuni, neno moja la kukuokoa usiku mzima. Usilazimishe gitaa lako lilingane na rekodi kabla hujaangalia kasi ya rekodi yenyewe. Santuri za wakati ule hazikuzunguka kwa kasi ile ile katika kila mashine, na kasi ikibadilika kidogo sauti nzima hupanda au kushuka. Tyuni gitaa lako lenyewe kwa lenyewe, jifunze wimbo katika umbo la C, kisha ukitaka kupiga sambamba na rekodi tumia kapo, kile kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa.

Wimbo ambao haupigwi mara mbili

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wanafunzi wengi wanapoharibikiwa. Mtu anaketi, anapunguza kasi ya rekodi kwa simu, anaandika kila noti ya dakika tatu, anaikariri kama aya ya mtihani. Akimaliza anapiga bila kosa, lakini wimbo umekufa.

David Rycroft, aliyechapisha uchambuzi wa gitaa la Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, alichagua kichwa chenye neno linalotosha: aliziita kazi hizo ubunifu wa papo kwa papo. Sikiliza mwenyewe utathibitisha. Mzunguko unarudi, kodi ni zile zile, dole ni lile lile, ila juu yake kuna jambo limeguswa. Mara ya kwanza shahada kimeanza juu kikashuka. Mara ya pili kimechelewa nafasi moja. Mara ya tatu kimerudia noti moja mara tatu kana kwamba kimekwama, kisha kikaachia. Zile dakika tatu hivi ndizo upande mmoja wa santuri ulizoweza kubeba. Usidhani wimbo wenyewe ulikuwa na urefu huo.

Kwa hiyo usikariri wimbo, kariri mifupa. Chukua mzunguko mmoja, ujue kabisa. Kisha utengeneze vibadala vitano vya mzunguko huo huo, kimoja kwa kuondoa noti, kimoja kwa kuichelewesha, kimoja kwa kuirudia, kimoja kwa kubana nyuzi mbili, kimoja kwa kuacha kimya mahali ambapo msikilizaji anangoja. Halafu vichanganye utakavyo. Siku hiyo utakuwa unaongea lugha ya Mwenda badala ya kuisoma kwa sauti.

Wapigaji wa Kenya waliojifunza kwa santuri za Mwenda, wakirudisha sindano ya gramafoni mwanzoni mara kwa mara, walilielewa hilo. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya hakubaki kuwa kivuli cha Katanga. Alichukua besi ya dole gumba na melodia ya juu, akaweka na mdundo wa chupa ya Fanta inayokwaruzwa na kugongwa, na mtindo ukapata jina lake, omutibo. Edouard Masengo na Losta Abelo, Wakatanga wenzake Mwenda, kila mmoja anajulikana kwa gitaa lake. Shule ni moja ila hati ni mbalimbali.

Kuimba juu yake

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu: kufungua mdomo. Sauti ya Mwenda ina hesabu ya tatu, haifuati dole wala shahada. Inaingia kama mtu anayeongea akiwa amekaa kivulini, inakatika, inaliacha gitaa liseme, inarudi. Anza kwa kunena maneno tu, bila kuyaimba, huku dole likitembea. Ukishaweza kunena, melodia itakuja.

Na maneno hayo ni Kiswahili, ila ni cha Katanga, kile ambacho watu ni "batu", juu ni "yulu" na nyumbani mtu huingia "mu nyumba". Usiyasahihishe. Nimewasikia vijana wakiimba nyimbo za Mwenda kwa Kiswahili sanifu wakidhani wanazitengeneza, na kila mara kuna silabi inayobaki bila kiti au kiti kinachobaki bila silabi, kwa sababu mapigo yalipimwa kwa lafudhi ile. Lafudhi nayo ni sehemu ya ala.

Ratiba ya mtu mwenye kazi

Nusu saa kwa siku inatosha. Wiki mbili za kwanza, dole gumba peke yake katika C, F na G, mpaka libadilishe kodi bila kukosa hatua. Wiki mbili zinazofuata, ongeza shahada kwa ile hesabu ya tatu, tatu, mbili, polepole kiasi cha kuchosha. Mwezi wa pili, mzunguko mmoja wa "Masanga" kwa sikio, usisome karatasi. Mwezi wa tatu, vibadala. Kuimba kuje baada ya hapo. Anayeanza na kuimba ataishia pale pale nilipoishia mimi na kodi zangu tatu.

Mwaka 1982 kilichapishwa kitabu cha John Low, Mwingereza aliyesafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kujifunza magitaa haya kwa wenyewe. Aliandika kwa Kiingereza. Rycroft naye aliandika kwa Kiingereza. Nyimbo zenyewe ziliimbwa kwa Kiswahili, na wazee wanaokumbuka namna zilivyopigwa bado wapo Kisumu, Kigoma, Bujumbura na Lubumbashi. Ukimjua mmoja wao, mpelekee gitaa, mwombe akuoneshe dole lake gumba, na umrekodi kwa simu yako.