Mwalimu Kakosea, Chura Kapatia

Katika "Death of a Naturalist" (1966), Seamus Heaney wa Derry, Ayalandi ya Kaskazini, ana mtoto anayechota mayai ya chura kwenye bwawa la kulowekea kitani. Anayajaza kwenye machupa ya jemu, anangoja viluwiluwi. Mwalimu anamfundisha jina la dume. Siku moja anawakuta vyura wenyewe wamejazana bwawani. Anatoka mbio!

Husemwa kwamba hapo ndipo utoto unapokwisha. Sawa. Lakini mie naona jingine: mwalimu kakosea. Jina analompa dume, vitabuni ni la chura wa aina nyingine, na Ayalandi hayumo. Amfibia wa asili kisiwani ni wa aina tatu tu: chura huyu wa kawaida, natterjack wa pande za Kerry, na salamanda mdogo.

Basi kosa hilo si dosari ya shairi, ndio uti wake wa mgongo. Mwalimu ana jina, hana chura. Mtoto kamwona chura, jina limemtoka.

Nasi tunaoandika "ndege akaimba", hebu tuulizane: ndege gani, bwana? Ulimwona wapi?