Waliokagua miguu ya Rwanda

Ugonjwa wa miguu kuvimba Wanyarwanda huuita imidido; sisi tumezoea kusema matende na kuyatia yote kapu moja. Watafiti Kebede Deribe, Ursin Bayisenge na wenzao hawakutaka kukisia, na kwa hilo nawavulia kofia. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019 kwenye The Lancet Global Health, watu zaidi ya milioni 1.3 walipitiwa. Aliyekutwa na mguu uliovimba aliangaliwa kwa karibu: uvimbe ulianzia unyayoni au kinenani? Tone la damu likapimwa minyoo ya filaria, ile iletwayo na mbu. Kumbe kwa wengi wao mbu hahusiki. Ni podokoniosisi, ugonjwa utokanao na udongo mwekundu wa volkeno unaopenya ngozi ya anayelima peku miaka nenda miaka rudi.

Ugonjwa ulionekana katika wilaya zote 30, na Nyamasheke ikaongoza. Mimi ningebashiri Musanze, kwenye volkeno zenyewe.

Tiba nayo haina makuu: beseni, maji, sabuni, mafuta, bendeji. Mguu huoshwa taratibu hadi katikati ya vidole, hukaushwa kwa kitambaa safi, ndipo hupakwa mafuta. Harufu hupungua, mtu huanza tena kwenda sokoni bila kujificha. Kazi hubaki kwenye viatu. Mguu ule hauingii kiatu cha dukani, kwa hiyo fundi huupima na kuushonea cha kwake.