Mlinzi wa Mkate

Neno la Kiingereza "lord" lina stori tamu, na wapenda maneno hawachoki kuisimulia. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa hlāfweard: hlāf ni mkate, ndugu yake Laib ya Kijerumani, na weard ni mlinzi. Karne zikapita, likatafunwa midomoni hadi ikabaki silabi moja. "Lady" naye alikuwa hlǣfdige, mkandaji wa unga wa mkate. Baba analinda, mama anakanda, nyumba imeshiba. Tamu kweli.

Shida ni kwamba stori hii husimuliwa bila mtu wa tatu. Alikuwepo pia hlāfǣta, mla mkate, yaani mtumishi anayekula kwa bwana wake. Tunamkuta katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za mwaka wa 600 hivi, ambazo ndizo sheria kongwe zaidi zilizobaki kwa Kiingereza. Ukimuua mla mkate wa mtu huru wa kawaida, unalipa shilingi 6. Ndiyo, shilingi; neno hilo nalo ni la ukoo huohuo.

Ukimweka huyu mezani, utamu unapungua. Mlinzi analinda mkate dhidi ya nani? Si panya peke yao. Anayeshika ufunguo wa stoo ndiye anayeamua nani ale na nani alale njaa. Wasimulizi husoma "mlinzi" kana kwamba imeandikwa "mlishaji", na hapo ndipo wanapokosea. Washairi wa Kiingereza cha kale walijua kumsifu mtoaji: mfalme walimwita bēaggyfa, mgawa pete. Kwa pete walisema kugawa. Kwa mkate, neno lililoshika ni kulinda.

Halafu tazama nani alipanda cheo. "Lord" akawa mtukufu, akawa Mungu wa kwenye Biblia ya Kiingereza, na huku kwetu bado ni jaji wa Mahakama Kuu anayeitwa "My Lord". "Lady" alipanda naye, akanawa unga mikononi. Mla mkate hakupanda popote. Neno lake lilikufa, ingawa wenye njaa hawakuisha.

Kwa hiyo ukisimuliwa tena hii stori, usiharakishe kusema "wow". Uliza kwanza: yule wa shilingi 6 mlimwacha wapi?